Kabla Hujaicheka Vitz Yangu, Soma Hii Historia

Kila nikiposti video nikiwa ndani ya gari, kabla watu hawajasikia nasema nini, komenti ya kwanza ishafika. "Hiyo ni gari ama jiko la makaa?" "Chunga upepo wa daraja la Nyali usikubebe." "Hizo pesa si ungelipia chuo?" Hiyo ya mwisho ndiyo huniuma kidogo. Nitaifikia.

Haya basi. Gari yangu ni Toyota Vitz ya mwaka 2010, injini ya 996 cc, silinda tatu. Rangi ya fedha, sawa na zile nyingine mia utakazopishana nazo ukitoka Changamwe mpaka Makupa. Naishi Kipevu. Kwa asiyepajua, Kipevu ni pale ambapo bandari ya Mombasa inapumulia. Makasha yako hapa, mafuta yanashukia hapa, mitambo ya umeme ya KenGen iko hapa, na trela zinapita mlangoni usiku kucha mpaka vikombe vinagongana kabatini. Mimi nimezaliwa na kelele hizo. Kukiwa kimya sipati usingizi.

Leo nataka niwaambie kagari kangu kamefikaje hapa. Manake ukiifuata historia ya Vitz moja, utajua ni nani alikuwa na nafasi ya kumiliki gari nchi hii, na ni nani aliachiwa kazi ya kuisindikiza tu.

Zamani gari ilikuwa ya nani?

Miaka ya 70 serikali ilitaka magari yaunganishwe hapa hapa Kenya. Vikajengwa viwanda vitatu: kimoja Thika, kimoja Nairobi, na kimoja hapa kwetu, AVA pale Miritini. Vipande vinakuja na meli, vinaunganishwa, gari inatoka mpya. Kuleta gari nzima kutoka nje kulihitaji leseni, na leseni haikuwa ya kila mtu. Kwa hiyo gari ilikuwa ya mkubwa wa serikali, mfanyabiashara, meneja wa benki, ama mtu mwenye mkopo wa kazini. Wazee wetu wa bandarini walipanda basi.

Mwaka 1986 Rais Moi akaambia Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari ya Kenya. Wakatengeneza kweli. Iliitwa Nyayo Pioneer, na Februari 1990 ikaonyeshwa watu Kasarani. Magari matano ya majaribio. Kiwanda cha kuyatengeneza kwa wingi hakikuwahi kuanza kazi. Mimi huwa nafikiria sana yale magari matano. Kuna Kenya nyingine mahali, wallahi, ambapo mimi nachekwa kwa kuendesha Nyayo.

Kilichobadilisha mambo ni soko kufunguliwa. Mwaka 1993 leseni za kuagiza bidhaa zikaondolewa, na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika. Mbona Japani? Sababu ya kwanza ni rahisi: Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani wao uko kulia. Sababu ya pili ni ukaguzi wao. Kule gari mpya inakaguliwa ikifika miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi wenyewe una gharama. Kwa hiyo Mjapani wengi wao huona bora auze achukue nyingine. Gari ambayo kwake imezeeka, kwetu ndiyo kwanza inaanza maisha.

Vitz inazaliwa

Toyota waliitoa Vitz Januari 1999 kuchukua nafasi ya Starlet. Aliyeichora ni Mgiriki, Sotiris Kovos. Ulaya waliiita Yaris, na ikawa Gari Bora la Mwaka 2000 kule. Soma tena hapo. Hii gari mnayoita jiko ilisimama mbele ya Wazungu na magari yao yote, ikachukua kombe.

Kwetu kuna sheria ya miaka minane. Ni kiwango cha KEBS cha mwaka 2000, kinaitwa KS 1515: gari iliyotumika haiingii nchini ikiwa imepita miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Ndiyo sababu Vitz zilifika kwa mawimbi. Zile za mviringo, macho kama ya chura, zilijaa yadi katikati ya miaka ya 2000. Halafu zikafuata za kizazi cha pili kama yangu. Ilitengenezwa 2010, ikaingia Kenya 2017, mwaka wake wa mwisho kabisa wa kuruhusiwa. Ingechelewa Januari moja tu, isingekuwa yangu.

Na kodi je? Tufanye hesabu ya sasa. Chukua gari ambayo KRA inaihesabu thamani ya shilingi 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, ulipanda kutoka 25 mwaka 2023. Ushakuwa 135. Ushuru wa bidhaa kwa gari isiyozidi 1500 cc ni asilimia 20 juu ya hiyo. Ishakuwa 162. VAT asilimia 16 juu ya hiyo. Ishafika karibu 188. Na bado ada ya tamko la uagizaji na ya reli. Yaani kila shilingi 100 ya gari inabeba shilingi 88 za serikali mgongoni, na zaidi.

Kuna wakati ilikuwa mbaya zaidi kwa watu wa magari madogo. Desemba 2015 serikali iliweka ushuru wa bidhaa wa mkupuo: shilingi 200,000 kwa gari yoyote iliyopita miaka mitatu. Gari yoyote! Vitz ya mwalimu na Land Cruiser ya mheshimiwa, zote 200,000. Mwenye Land Cruiser alicheka akielekea benki. Katikati ya 2016 wakarudisha asilimia 20. Lakini mwaka ule ulinifundisha kitu, hata kama nilikuwa bado naenda shule na sare: kodi inaweza kuonekana sawa kwa kila mtu na bado ikamponda mmoja tu.

Mjombangu na magari yasiyokuwa yake

Sasa tuingie nyumbani.

Mjombangu alikuwa dereva wa transiti. Kama hukukulia hapa, pengine hujui kazi hiyo. Magari yanayoshuka bandarini si yote ya Kenya. Mengi yanaenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini, Kongo. Mengine hubebwa juu ya malori, lakini mengi yanaendeshwa na watu. Unapewa gari, makaratasi na pesa za mafuta, unatoka Mombasa, Voi, Mtito Andei, Nairobi, Nakuru, Eldoret, mpaka Malaba. Unaikabidhi. Halafu unapanda basi kurudi Mombasa kungoja nyingine.

Alifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Anajua magari kama mwalimu wa madrasa anavyojua watoto wake. Vitz, Premio, Harrier, Noah, yote yamepita mikononi mwake yakiwa na harufu ya Japani, karatasi za plastiki bado kwenye viti. Ndiye aliyenieleza kwa nini kwenye yadi moja ya makasha pale Changamwe utaona Vitz mpya mpya na nyingine kuukuu zaidi zimesimama pamoja. Ile kuukuu haiwezi kuuzwa Kenya, ni ya transiti. Uganda walikuwa hawana kikomo kama chetu, mpaka 2018 walipopitisha sheria ya kuzuia magari yaliyofika miaka 15. Meli moja, bandari moja, lakini umri wa gari unategemea linapokwenda.

Miaka kumi na minne, mamia ya magari, na Mjomba hakuwahi kumiliki hata moja. Wala si yeye peke yake. Mtaani kwetu kuna vijana wanaosha magari ya CFS, wanayasukuma betri zikifa, wanayalinda usiku, na wakitoka kazini wanapanda tuktuk. Gari inashuka karibu na mlango wako, lakini bei yake ni ile ile ya Nairobi. Sisi tunabaki na vumbi na foleni ya trela.

Nilivyoingia box

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sikufukuzwa, na sikuwa mjinga. Karo ilikuwa imerundikana, na mimi nilikuwa nshaanza kupiga video za harusi. Harusi moja ya Kisauni au Likoni ilikuwa inanipa zaidi ya nilichokuwa naomba nyumbani kwa mwezi. Tatizo ni kurudi. Harusi za kwetu zinaisha saa nane usiku. Wewe una kamera mbili, taa, stendi na betri, na dereva wa tuktuk anakutajia bei kama anakuuzia tuktuk yenyewe. Nilihesabu miezi minne. Usafiri ulikuwa unakula karibu theluthi ya pesa zangu.

Kwa hiyo mwaka 2023 nikanunua Vitz. Shilingi 520,000. Laki tatu zilikuwa zangu. Laki moja na nusu mamangu alikopa kwenye chama chake, kwa jina lake. Elfu sabini alitoa Mjomba. Na ndiyo, najua, pesa hizo zingelipa deni la chuo na zikabaki. Mamangu aliniuliza swali moja tu: "Hii gari itakulisha, ama utailisha wewe?" Nikamwambia itanilisha. Nilisema haraka mno.

Kosa langu la kwanza: sikumchukua Mjomba twende naye yadi. Mtu wa miaka kumi na minne ya magari, nami namwacha nyumbani, kwa sababu nilitaka nimshtue. Mita ilikuwa inasoma kilomita 78,000. Rangi imeng'arishwa, ndani inanukia manukato. Nikalipa.

Mjomba alipoiona jioni ile hakusema kitu. Alifungua mlango wa dereva, akatazama mpira wa pedali ya breki. Umelika mpaka chuma. Akashika kiti cha dereva, upande mmoja umelala. Akafungua boneti, akainama na tochi ya simu, akaniita. Chini kabisa, mahali ambapo muuzaji alisahau kusafisha, kulikuwa na stika ya kubadilisha oili. Mtu ameandika kwa kalamu: 164,000.

"Hii ilikuwa teksi," akasema. "Tena imefanya kazi kuliko mimi."

Na hapo ndipo kuna kipande kingine cha historia. Uber waliingia Nairobi 2015, Mombasa 2016. Taxify, ambayo sasa ni Bolt, nao wakaja. Januari 2018 Uber wakaanzisha Chap Chap kwa gari ndogo, wakianza na Suzuki Alto. Bei kwa abiria ikashuka, na ghafla gari ndogo haikuwa tena gari ya kwanza ya mwalimu au nesi. Ikawa jembe. Kijana anachukua mkopo, analala ndani ya gari, anakimbiza safari za shilingi mia mbili ili alipe mkopo. Madereva waligoma mara kadhaa kuhusu bei hizo. Na gari ikishachoka, inaoshwa, mita inarudishwa nyuma, inauzwa kwa mtu kama mimi. Yule dereva wa kwanza simjui, lakini mpira wa pedali yake niliukanyaga miezi miwili kabla sijabadilisha. Sikuwahi kumchukia. Niliyemchukia ni aliyerudisha mita.

Mamangu hakuambiwa kuhusu stika. Mimi na Mjomba tulikubaliana kwa macho tu. Kwa hiyo mama, kama unasoma hii: pole.

Kuishi nayo

Mnaotaka kununua, sikieni. Gari ndogo Mombasa ina maadui watatu.

Wa kwanza ni chumvi. Hewa ya bahari inakula chuma polepole, na inaanzia chini usipopaona. Osha chini ya gari, si juu tu kwa ajili ya picha.

Wa pili ni maji. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Ukiyajaza kwenye redieta kwa sababu ni ya bure, utalipa baadaye. Mimi nililipa. Redieta iliziba, gari ikachemka nikiwa kwenye mzunguko wa Changamwe saa sita mchana, nyuma yangu trela sita zinapiga honi. Weka maji ya redieta yanayofaa.

Wa tatu ni barabara yenyewe. Silinda tatu zina mtetemo wake, na ukichanganya na mashimo ya trela, zile raba zinazoshikilia injini zinakufa mapema. Ukihisi usukani unatetemeka ukisimama na gia imeingia, usiongeze sauti ya muziki. Nenda kwa fundi.

Na mafuta. Hapa ndipo mtu wa Kipevu anacheka ili asilie. Gati la zamani la mafuta la Kipevu lilianza 1963, mwaka ule ule ambao mtambo wa kusafisha mafuta wa Changamwe ulianza kazi. Mwaka 1978 bomba la kupeleka mafuta Nairobi likafunguliwa. Mtambo uliacha kusafisha 2013, na 2022 likafunguliwa gati jipya kubwa, meli nne kwa wakati mmoja. Yaani mafuta ya nchi nzima, na ya majirani, yanapita chini ya miguu yetu. Oktoba 2023, miezi michache tu baada ya mimi kununua gari, petroli ilifika shilingi 217.36 Nairobi. Sisi tulio hapa kwenye bomba tulipata punguzo la shilingi kama tatu. Tatu! Hiyo ndiyo zawadi ya kulala na harufu ya mafuta maisha yako yote.

Kuna wiki nilikataa harusi ya Mtwapa kwa sababu hesabu ya mafuta ilinishinda. Nikakumbuka swali la mamangu. Nilikuwa nailisha mimi.

Halafu ikaja 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa na kodi ya gari: asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue 5,000 na isizidi 100,000, ukatwe unapolipa bima. Nikafanya hesabu yangu: shilingi 13,000 kila mwaka, juu ya kodi iliyolipwa bandarini, juu ya kodi iliyo ndani ya petroli. Na angalia kile kikomo cha juu. Mwenye gari ya milioni nne analipa laki moja. Mwenye gari ya milioni ishirini, laki moja vile vile. Ni ile hadithi ya 2015, imerudi na nguo mpya. Kodi hiyo iliondolewa tarehe 18 Juni, na wiki iliyofuata mswada wote ukarudishwa. Lakini kabla ya hapo kuna vijana wa rika letu walitoka nyumbani asubuhi na hawakurudi. Mimi nilikuwa barabarani mjini Mombasa, gari nimeiacha nyumbani. Sisemi hivyo kujisifu. Nasema ili mtu asiniambie historia ya kagari haina watu ndani yake.

Ya mwisho

Jina Vitz lilikufa Japani mwanzoni mwa 2020. Sasa kule inaitwa Yaris. Piga hesabu na sheria yetu ya miaka minane: gari ya 2020 inaruhusiwa kuingia mpaka mwisho wa 2027. Baada ya hapo hakuna Vitz nyingine iliyotumika Japani itakayoshuka kwenye meli kuja kuuzwa Kenya. Zilizoko ndizo hizo, zitapita mkono kwa mkono mpaka ziishe. Kwa hiyo cheka vizuri, muda wako ni mfupi.

Deni la chama mamangu alimaliza kulipiwa mwaka jana mwezi wa nane. Na mimi ndiye niliyelipa, kwa pesa za harusi. Chuo sijarudi. Sitawadanganya kwamba gari imejibu swali la karo, halijajibiwa. Kuna usiku naegesha, nazima injini, nabaki nimekaa tu nikifikiria wenzangu waliomaliza. Halafu nakumbuka wengine wao wananipigia simu kuuliza kama nina kazi ya kushika taa. Sijui nani kati yetu alikosea. Pengine hakuna.

Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa na msiba Voi. Nikampa Mjomba funguo. Alivaa miwani, akarekebisha vioo, akaendesha bila neno, Mariakani, Samburu, Taru, Maungu, akinionyesha mahali alipolala siku ile, mahali alipotoboka tairi mwaka ule. Tukazika. Jioni yake tukaanza kurudi, yeye tena kwenye usukani. Tulipofika Mariakani, taa za trela zimejipanga mpaka upeo wa macho, akacheka peke yake.

"Unajua nini?" akasema. "Njia hii nimeipita nikiendesha mara mia ngapi sijui. Leo ndiyo mara ya kwanza narudi na gari ile ile niliyotoka nayo."

Hiyo ndiyo Vitz yangu. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini kwanza niandikie hapo chini: kwenu gari ya kwanza ilikuwa gani, na nani aliinunua?